Kamba ya Sita

Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo
11 Februari 1973

Mume wangu Baba Anaeli,

Nakusalimu huko uliko, Kitwe. Hujambo? Kifua kimepoa, au bado unakohoa moshi wa karakana? Sisi huku wazima, ila Katoto anaota meno, anatafuna kila kitu hata pindo la kanga yangu.

Barua yako imefika pamoja na picha ya kombi. Nimeizungusha nyumba nzima. Mama Siti mwenye nyumba kavaa miwani, kaitazama, kauliza, "Hili gari au mkate wa boflo?" Nikamjibu, "Ni boflo, na mimi nitalala ndani yake." Kacheka mpaka kanga ikamdondoka begani.

Narudia ulivyosema ili ujue nimeelewa. Juni unapata likizo yako ya miaka mitatu iliyolundikana, wiki kumi. Unakuja kutuchukua na kombi. Tunaingia Zambia, tunapita Kitwe wenzako wanione, halafu Lusaka, mpaka kwenye maporomoko ya Livingstone. Nyumba ya wageni hatulali hata siku moja. Tunalala humo humo, tunapikia jiko la mafuta ya taa, maji tunaomba misheni. Mimi ambaye tangu nije kutoka Songea sijavuka Chalinze! Jana nimefua nepi huku nacheka peke yangu.

Lakini naomba kitu kimoja na usikasirike. Tupite kwa Anaeli.

Mzee wako ameandika tena kutoka Machame. Anasema katika ukoo wenu mtoto anayefuata hapewi jina wakati aliyemtangulia bado kalala ugenini. Uletwe kwanza udongo wa kaburi lake, uzikwe kihambani, shamba la ukoo, kwenye migomba, ndipo huyu aitwe Aikande kama bibi yake. Kwetu Songea aliyelala amelala. Lakini mimi nimeolewa kwenu, na mwanangu ana miezi mitano anaitwa Katoto kama paka wa jirani. Mama Siti ananiuliza, "Akiumwa tutamwombea dua kwa jina gani?"

Ni mwaka wa nne sasa. Ulimzika wewe, njia unaijua wewe. Nionyeshe nipaone, nichote udongo kwa mkono wangu, halafu nitakufuata kokote utakako.

Mkeo akupendaye,
Mama Anaeli


Kitwe
9 Machi 1973

Mpenzi Mama Anaeli,

Salamu sana. Kifua ni kizima. Nafurahi Katoto anaota meno, maana huku mahindi ya kuchoma ni mengi.

Kombi nimeing'oa viti vya nyuma, nimepiga kitanda cha mbao. Chini yake panakaa unga, dagaa, sufuria na dumu la maji. Shona godoro la sufi, lisiwe nene. Mapazia pia ushone, watu wasituchungulie. Nimekutilia kamba za vipimo humu ndani, tano kwa madirisha matano. Mwanzo wa kamba mpaka kwenye fundo ni upana, kuanzia fundo mpaka mwisho ni urefu.

Njia nimeipanga hivi: tukitoka Tunduma tunakata Kasama, Luwingu, Mansa, tunavuka kile kipande cha Zaire, tunatokea Mufulira, halafu Kitwe. Ni ndefu kidogo lakini kuna ziwa kubwa, samaki bei rahisi, na nina rafiki kule atatupa mahali pa kuegesha.

Msalimie Mama Siti. Mwambie boflo linakuja.

Mumeo,
Baba Anaeli


Kariakoo
1 Aprili 1973

Baba Anaeli mume wangu,

Habari za huko? Sisi tunaendelea, mvua imeanza. Pale soko jipya linapojengwa shimo limejaa maji, watu wanasema watafuga kambale.

Kamba nimepata, ila ni sita. Tano mpya, zina mafundo kama ulivyosema. Ya sita ni ya katani, nyeusi kwa grisi, na haina fundo. Nilimpelekea Awadhi, fundi wa barazani, na kitambaa cha kiwanda cha Urafiki chenye maua ya bluu. Akazipanga kwenye meza akaniuliza, "Mama Anaeli, hii nyumba ya madirisha sita, mlango uko wapi?" Alipofika kwenye ile nyeusi akaisimamisha sakafuni, ikamfika kiunoni. "Na hili dirisha gani? Hili labda la kabati." Nikamwambia shona tu, mwenye gari anajua anachotaka. Akashona.

Yote nimeyatundika kwenye uzi chumbani niyaone. Lile la sita limetulia tofauti na wenzake. Upepo ukiingia yale matano yanapepea, lenyewe linajaa katikati tu, kama mtu yuko nyuma yake. Katoto analitazama na kulichekea. Nimeligeuza upande wa ukutani, na bado anageuka kulitazama. Niambie ni la dirisha gani, nipate raha.

Jingine ni hili. Nimekopa ramani ya mtoto wa Mama Siti anayesoma. Nimeweka kidole Tunduma nikafuata njia yako, Kasama, Luwingu, Mansa. Kisha nikafuata njia ya malori, Isoka, Chinsali, Mpika. Ulinambia Anaeli yuko mbele ya Chinsali kabla ya Mpika. Umepazunguka kote, Baba Anaeli, kama mtu anayezunguka dimbwi asichafue viatu. Na Krismasi ya mwaka juzi ulipokuja nyumbani ulichelewa siku sita, hukusema sababu. Sasa nadhani naijua njia uliyopita.

Nikakumbuka Mrisho, aliyekuwa utingo wa lori lako safari ile ya Anaeli. Siku hizi ni kuli bandarini. Juzi nikamkuta sokoni kwenye magunia ya vitunguu, nikamwita, "Shemeji, njoo unywe chai unielekeze kwa mwanangu pakoje. Kuna mti? Kuna kijiji?" Yule mtu anayeongea kama redio kanitazama miguu. Kasema, "Shemeji, kamuulize mwenyewe." Chai hakunywa, na vitunguu alivyokwisha kulipia kaviacha pale pale.

Mimi siogopi kaburi. Kama limeota majani tutalima. Usininyamazie.

Mkeo,
Mama Anaeli


Kariakoo
29 Aprili 1973

Baba Anaeli,

Hujambo? Sisi hatujambo. Naandika tena ingawa hukujibu, labda barua imepotea.

Godoro limekwisha. Kwa balozi wa nyumba kumi nimekwenda kuomba barua ya hati ya kusafiria. Mzee Kitwana akauliza, "Unakwenda nje kufanya nini?" Nikasema kutembea. Akavua kofia. "Wenzako wanahamia vijijini kulima, wewe unahama na kijiji chako juu ya magurudumu?" Lakini amegonga muhuri.

Kila tingatinga la pale sokoni likinguruma Katoto ananyoosha mikono mlangoni, kama Anaeli alivyokuwa akisikia lori lako. Unakumbuka alivyong'ang'ania mlango wa lori siku ile? Wewe ulikataa. Mimi ndiye niliyesema, "Mchukue, safari moja tu, ana miaka minne, atakuchekesha njiani." Mimi ndiye niliyemfunga zile raba nyekundu. Kama unaninyamazia kwa hilo, sema. Nitasikia.

Mama Anaeli


Kitwe
6 Mei 1973

Mama Anaeli mke wangu,

Hujambo? Mtoto hajambo? Mimi mwili ni mzima.

Kamba ile si ya dirisha.

Anaeli alipozimika kwa homa asubuhi ile hapakuwa na seremala wala sanduku. Nilivunja makasha ya vipuri niliyobeba. Futi sikuwa nayo. Mrisho akakata kamba ya turubai, nikampima mtoto kuanzia kisigino mpaka utosini, nikakata mbao kwa kipimo hicho. Baadaye nikaikuta kamba mfukoni. Kuitupa sikuweza. Niliiweka kwenye mkebe wa vifaa vyangu, na mwaka huu nikatupia humo humo kamba za madirisha. Siku ya kuposti, posta ilikuwa inafungwa, nikazikumba zote bila kutazama. Na wewe ukaishonea pazia.

Sasa la kaburi. Nilimzika kwenye kona, hatua ishirini kutoka barabarani, na wanakijiji walinisaidia kuchimba. Wakataka kuchonga msalaba. Mimi, dereva mwenye akili, nikasema mti utaliwa na mchwa. Nikalaza ringi ya lori juu yake, chuma kidumu, niione kila nipitapo.

Baada ya hapo tajiri alinipanga njia nyingine miezi kadhaa. Niliporudishwa Zambia, lami ilikuwa imefika na barabara imenyooshwa. Nilitoka Ndola na tani kumi na tano za shaba za kupeleka bandarini. Napiga mluzi, naitafuta kona. Kona haipo. Mrisho ndiye aliyeiona ringi kwenye rundo la vyuma chakavu vya wajenzi. Tukarudi kwa miguu kupima hatua, zikaishia katikati ya lami. Msimamizi akasema, "Kaburi hatukuona, tuliona ringi tu." Kama ningewaachia wale wanakijiji waweke msalaba, mtu angeuliza kabla ya kupitisha greda.

Nimepita juu ya mwanangu na tani kumi na tano, Mama Anaeli, nikipiga mluzi.

Safari iliyofuata, pale pale usukani ulinigomea kama umeshikwa na mikono midogo. Nikaacha kazi ya lori. Tangu hapo nazunguka. Maporomoko, samaki, mahindi ya kuchoma, hayo yote nilikuwa nakuwekea mbele ya macho usitazame chini.

Udongo sina wa kumpelekea Mzee. Ukisema nisije, sitakuja.

Baba Anaeli


Kariakoo
4 Juni 1973

Baba Anaeli,

Nakusalimu. Tuko wazima.

Barua yako nimeisoma mara moja, ya pili nimeshindwa. Siku tatu nilikuwa na hasira, nikachukua mkasi niyachane mapazia yote. Nilianza na lile la sita. Mkono ukakataa.

Mrisho amekuja. Safari hii kakaa, kanywa chai vikombe vitatu, kisha kasema, "Shemeji, mimi ndiye niliyekata kamba. Niliikata na ziada kidogo, nikaona labda ataamka atahitaji nafasi." Tukalia wote wawili mpaka Mama Siti akaja kuuliza nani kafa. Nikamwambia Anaeli. Kasema, "Si siku nyingi?" Nikamwambia, kwangu ni leo.

Kisha nikamlaza Katoto mkekani nikamnyooshea ile kamba. Amepita nusu. Siku moja ataimaliza, atamwacha kaka yake chini. Nikawaza, sasa mtoto huyu atapita bila jina mpaka lini, na yule atakanyagwa mpaka lini?

Nimemwandikia Mzee. Sikuficha kitu, hata mluzi. Nikamuuliza: Baba, udongo hatuna, barabara imeumeza. Tunacho kipimo chake, kamba iliyomgusa kisigino na utosi. Kipimo kinazikika?

Majibu yamekuja jana. Ukurasa mzima umekaa neno moja, mwandiko wake unaotetemeka: Mleteni.

Basi usizunguke Mansa. Pita njia ya malori. Ukifika pale, egesha pembeni, zima injini, fungua mlango ule wa ubavuni. Mwambie, mama kasema panda. Mimi ndiye niliyempandisha siku ile, kwa hiyo mimi ndiye ninayemwita. Akishapanda funga mlango uje. Tutaanza Machame. Maporomoko yananguruma siku zote, yatatungoja.

Usipokuja nitakwenda na kamba yangu kwa basi. Lakini njoo.

Mkeo,
Mama Anaeli


Mbeya
27 Juni 1973

Mama Anaeli mke wangu,

Shikeni salamu zangu, wewe na mtoto. Hii nampa dereva wa basi itangulie, kombi imechemsha na fundi ananiweka siku mbili.

Nimepita.

Niliegesha saa nne asubuhi. Ringi bado iko kwenye lile rundo, imeota kutu, jogoo wa mtu kasimama juu yake. Nikazima injini, nikafungua mlango wa ubavuni, nikasema kama ulivyoniagiza. Malori mawili yalipita, dereva mmoja akanipigia honi akidhani nimeharibikiwa. Sikusikia kitu kingine. Nikangoja kadiri ya mtoto kupanda. Unakumbuka alivyokuwa akipanda, goti kwanza, halafu anavuta mguu ule mwingine na kulalamika. Nikangoja na lile lalamiko likwishe. Kisha nikafunga, taratibu, nisimbane vidole.

Usukani ni mwepesi tangu pale. Mluzi sijapiga.

Pazia la sita usilichane. Litakaa nyuma ya kiti changu, jua la mchana lisimpige aliyelala. Mwambie Aikande jina lake liko njiani. Mama Siti naye mwambie Jumapili boflo litasimama mlangoni kwake.

Kitanda nilikuwa nimekitandika vizuri Kitwe, shuka imenyooka, na mimi njia nzima nimelala kwenye kiti cha mbele. Leo nimefungua nyuma kutoa sufuria. Upande wa dirishani shuka imebonyea, mahali padogo. Sijapagusa. Njoo na kamba uone kama panalingana.

Mumeo,
Baba Anaeli