Siku Tatu Badala ya Tano

Kiamunyi,
S.L.P. 20614,
Nakuru.
8 Juni 2025

Mpendwa Senge Cheptanui, shangazi yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote, zikukute ukiwa mzima huko Windhoek. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema unapanda ngazi za shule huku ukizihesabu, nami nikacheka, halafu nikaona vibaya kwamba nimecheka. Na wanafunzi wako wa hesabu, bado wanakutoa jasho? Sisi hatujambo. Mvua imenyesha vizuri mpaka barabara ya kwetu Molo imekuwa matope matupu, na baridi ya huko unaijua mwenyewe. Viazi vimechipua. Mama amepona kifua na amerudi kwaya, kwa hivyo nyumba haina amani.

Barua hii nitampa Jonah, yule kijana wa mchungaji, anayekuja huko Jumanne. Ningekupigia simu, lakini nikianza kueleza jambo hili kwa mdomo ninalia kabla sijafika katikati. Kwenye karatasi naweza kwenda polepole. Nisamehe nikirudi nyuma na mbele, maana nimechanganyikiwa, na ninakuandikia wewe kwa sababu Baba hamsikilizi mtu mwingine.

Senge, Baba amesimamishwa kupeleka maziwa kwa ushirika. Ndiyo, Baba, yule anayepima kwa kiwiko maji ya kuoshea kiwele, kana kwamba anamwogesha mtoto mchanga.

Ilikuwa hivi. Dachesi, yule ng'ombe wake mwenye kiburi, alivimba kiwele mwezi uliopita. Kiprugut, daktari wa mifugo, akamdunga dawa moja kali isiyotumika sana. Ng'ombe akishadungwa, maziwa yake hayapelekwi mpaka dawa iishe mwilini. Siku hizi mfugaji anaandika jina la dawa kwenye programu ya ushirika katika simu yake, nayo inamwambia angoje siku ngapi. Simu ilimwambia Baba siku tatu. Akangoja tatu, ya nne akapeleka. Maziwa yalipopimwa kwenye tangi yakakutwa na dawa, na tangi lote likamwagwa, pamoja na maziwa ya majirani.

Kwenye mkutano Kiprugut alisimama akasema alimwambia Mzee Kosgei siku tano, kwa mdomo wake mwenyewe. Watu wakamgeukia Baba. Baba akasema, "Nimekosea," akaketi. Hakutoa simu mfukoni kuwaonyesha. Sasa wapo wanaosema alifanya makusudi kwa tamaa, na tarehe 21 mwezi huu wanakutana kupiga kura kama atolewe kabisa. Miaka thelathini na moja, Senge, hajawahi kurudishiwa hata kikombe.

Mimi ninaingia hapa. Programu hiyo inatengenezwa na kampuni yetu ndogo ya watu sita hapa Nakuru, na kazi yangu ni kuhakikisha kwamba kitu kibovu hakifiki kwenye simu za watu. Kila tunapobadilisha jambo, kompyuta inalijaribu kwanza. Likiwa sawa inaonyesha kijani, likiwa bovu inaonyesha nyekundu, na nyekundu haivuki mlango.

Zamani tulitumia kompyuta za kampuni nyingine, na ilibidi kupanga foleni. Mwezi wa tatu bosi akasema tuwe na zetu. Nikakodi mbili kwenye cloud, yaani zipo mahali fulani mbali, nadhani Ulaya, nami ninaziamuru kutoka mezani kwangu hapa Kiamunyi. Tunaziita runner. Zinakaa macho zikingoja kazi. Siku ya kwanza zilipoitikia nilijisikia mkubwa, nikampigia Baba kumwambia kwamba nina wafanyakazi wawili ng'ambo. Akaniuliza kama wanakunywa chai.

Maelekezo niliyosoma yalisema runner ikimaliza kazi moja itupwe, itengenezwe nyingine mpya. Nikaona huo ni wazimu. Unajua nilikolelewa. Kwetu chupa ya jemu inakuwa glasi, na glasi ikipasuka mdomo inawekwa mshumaa. Nitupe kompyuta nzima baada ya dakika nne za kazi? Nikaziacha zile zile ziendelee, na zikawa na kasi kwa sababu hazikuwa zikianza upya kila mara. Bosi akanisifu mbele ya watu.

Basi niliposikia habari za Baba nikakimbilia ofisini. Nikaijaribu dawa ile kwenye runner: siku tano, kijani. Nikaangalia simu ya Baba: siku tatu. Nikajaribu kwenye laptop yangu: nyekundu. Nikarudi kwenye runner: kijani. Wiki mbili nilizunguka hapo hapo. Muturi, tunayekaa naye meza moja, akaniambia, "Kim, hiyo kitu ni green. Wachana nayo, ama upeleke laptop yako kwa fundi." Nikaipeleka kweli. Fundi akasema haina shida yoyote, akanipangusia vumbi bure.

Jumapili iliyopita nilienda nyumbani. Asubuhi nikamkuta Baba uani akisugua mkebe wa maziwa kwa maji moto, kama kila siku, kisha akauinamisha juu ya ubao ukauke. Mkebe wenyewe haujabeba maziwa tangu asimamishwe. Nikamwuliza anauosha wa nini. Akasema, "Mkebe haujui kama nimefungiwa." Nikarudi ndani nikajifanya natafuta sukari.

Nikiwa njiani kurudi Nakuru ndipo nilipojiuliza runner zangu zimeoshwa lini. Hazijawahi. Jumatatu nikazifuta zote mbili, nikatengeneza nyingine isiyo na kitu ndani, nikaipa kazi ile ile. Nyekundu, mara ya kwanza. Kumbe orodha ya zamani ya dawa ilibaki ndani ya zile nilizofuta, nazo zikawa zinasoma hiyo, yenye siku tano, badala ya orodha mpya tuliyowapelekea wafugaji, ambapo mkono wa Muturi uliteleza akaandika tatu. Simlaumu Muturi. Mkono wa mtu yeyote huteleza, na mimi ndiye niliyewekwa hapo kuona.

Nilidhani nikijua chanzo nitatulia, kumbe ndiyo nimepotea zaidi. Tulirekebisha siku hiyo hiyo, simu zote sasa zinasema tano. Lakini bosi akaniita pembeni. "Kim, tumefix. Tukianza kuongea, ushirika unatutoa, na hapo tumeisha." Si mtu mbaya, Senge. Mke wa Muturi anajifungua mwezi ujao, na kuna wengine watatu ofisini wanaotegemea kazi hiyo hiyo. Nilitikisa kichwa kuonyesha nimeelewa, na kweli nilielewa, na hilo ndilo linaloniumiza.

Jana nilirudi Molo nikamwambia Baba kila kitu. Nilitarajia akasirike, au angalau afurahi kwamba kosa si lake. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akimkatia Dachesi nyasi, halafu akasema, "Kiprugut aliniambia tano. Nilimsikia vizuri. Simu ikasema tatu. Nikasema hiyo ni ya Kim, Kim amesoma kuliko Kiprugut."

Nikamwuliza kwa nini hakuwaonyesha watu simu. Akasema kila mtu pale mkutanoni anajua programu hiyo inatengenezwa na binti wa nani. Tena amenikataza kufungua mdomo tarehe 21. Anasema jina lake limeshafanya kazi yake, langu ndilo linaanza. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Sielewi, Senge. Sielewi mtu anawezaje kukaa wiki tatu akitazamwa na majirani kama mwizi, na kila asubuhi anaosha mkebe, na jibu analo mfukoni. Sielewi kama ninampenda zaidi au nimemkasirikia. Vyote viwili, nafikiri.

Hata hivyo nimeamua. Kesho nitamwambia bosi, ili asisikie kwa watu wengine, na tarehe 21 nitasimama. Nimechapisha ile kijani ya uongo na ile nyekundu ya kweli, nitawaonyesha wazee zote mbili, na nitaeleza kwa Kiswahili rahisi kama nilivyokueleza wewe. Wakitutoa, watutoe. Ninaogopa, sitakudanganya.

Ombi langu kwako ni moja. Mpigie Baba kabla ya siku hiyo. Usimwombee msamaha wangu, maana hajakasirika. Mwambie aniache nibebe kilicho changu. Akilisikia kwangu anasema mimi ni mtoto. Akilisikia kwako atanyamaza, na wewe na mimi tunajua kwamba Baba akinyamaza amekubali.

Nisalimie watoto, Kibii na Abby, uwaambie shati la shule waliloniachia lilishapata mwenyewe hapa kanisani. Mama anasema umeze dawa zako na upunguze ngazi. Mungu alishike goti lako, akulinde unapotoka na unaporudi, na akupe mwaka huu likizo ndefu ya kutosha kufika nyumbani.

Baba anakusalimu sana. Anajua ninakuandikia, lakini anadhani ni salamu tu. Amesema nikuambie kwamba nyumbani hakuna neno, ng'ombe wanakamuliwa vizuri, na mimi ninafanya kazi nzuri huku mjini.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nikupendaye bila kipimo,

Kimberly