Mchaichai wa Mlangoni

Wheaton, Maryland
14 Agosti 2025

Mpendwa Shangazi Benadetha,

Shikamoo. Goti linaendeleaje tangu masika yaishe? Na Festus amemaliza kuezeka jiko lako, au bado anasema wiki ijayo? Mimi mwili ni mzima. Barua hii anakuletea Khalfan anayerudi huko, kwa kuwa mengine naogopa kuyasema kwenye simu.

Shangazi, hii ni wiki ya sita siendi kazini. Kibali changu cha kazi kimeisha muda na kipya hakijaja, ingawa niliomba mapema na nakala zote ninazo kwenye faili. Ofisini kwangu Arlington wameniambia nisubiri nyumbani. Tunaosubiri tunaambiana tusifungue mlango tukisikia hodi, huenda ni watu wa uhamiaji. Basi sifungui, wala sitoki.

Nimepanga chumba cha chini kwa Mama Jaël, Mkongo mwenye roho nzuri na sauti kubwa. Kina dirisha moja tu, usawa wa ardhi. Joto la hapa linakaba, lakini nikifungua dirisha wanaingia mbu mchana kweupe, weusi wenye madoa meupe miguuni.

Mwezi wa tano, nikiwa bado natoka, nilifanya kama ulivyofanya wewe Muheza kufukuza mbu: mchaichai kando ya mlango, mrehani kwenye vyungu mbele ya dirisha. Kila asubuhi nilinyoosha mkono nje nikamwagilia vyungu mpaka visahani vyake vikajaa. Mbu wakazidi.

Kisha ikaja barua ya chama cha wenye nyumba wa mtaa huu. Jirani amelalamika kuwa mlangoni petu kuna nyasi zisizofyekwa. Hapa nyasi zikifika gotini ni kosa, na mchaichai wetu ulikuwa kiunoni. Mkaguzi angekuja Jumatatu.

Alipobisha nilijifungia bafuni, faili nimelikumbatia. Mama Jaël akapaza sauti kutoka juu: "Vaileth, toka uko! Ile bwana anatafuta majani, hatafute weye!" Sikutoka. Baadaye nilichungulia dirishani, nikaona viatu vya mkaguzi, kisha mkono wake ukimwaga kisahani kimoja baada ya kingine. Maji yalikuwa yamejaa viluwiluwi. Shangazi, kumbe miezi yote hiyo nilikuwa nafuga mbu kwa mkono wangu mwenyewe.

Aliacha karatasi: tufyeke ndani ya siku tatu, la sivyo atarudi. Mama Jaël yuko kwa wazee anaowahudumia hadi Jumapili. Nilifikiria ile hodi ya pili, nikaona ni heri nitoke.

Jana saa nne asubuhi nilitoka na kisu cha jikoni. Nilipokata shina la kwanza, harufu ikapanda, nami nikakumbuka nilichosahau: hukuuacha mchaichai usimame tu. Uliponda majani, ukatupaka miguuni kabla ya chakula cha jioni, nasi tukilia kwamba yanawasha. Nilijipaka hapohapo, mikono na shingo. Nikaendelea kukata hadi mwisho, ingawa gari moja nisilolijua lilipita mara mbili.

Mafungu nimeyatundika juu ya kitanda. Sasa nakuandikia dirisha likiwa wazi, na upepo unaingia. Mlango bado nimeufunga kwa funguo mbili. Niombee, Shangazi, na huo nao ufunguke.

Wasalimie Baba Dunstan, Festus na mkewe Adela. Mungu akuzungushie ulinzi wake, wewe na nyumba yako.

Wako akupendaye,
Vaileth