Injini Mpya ya Mashine ya Salfa

Jumatatu, 8 Julai
Mashine imezima tena, nikiwa kwenye mkorosho wa tano. Nimevuta kamba mpaka bega limelegea. Umande ukakauka, salfa haikamati tena, nikarudi nyumbani na mzigo mgongoni. Mashine hii ya kupulizia niliinunua Tandahimba ikiwa imeshatumika, na tangu hapo mtumishi ni mimi. Maua yameanza kuwa meupe. Ubwiriunga huo, ukungu ambao dawa yake ni salfa. Na mjomba alishasema: huu mwaka wa tatu, nikikosa korosho tena, shamba la ukoo anampa kaka. Kwetu mjomba akisema amesema.

Alhamisi, 11 Julai
Masasi. Fundi Chilumba kaifungua injini, kachungulia, kacheka. "Mama Zainabu, hii ya kuzika." Kanikataza kutafuta nyingine kama hiyo iliyotumika, nitauziwa ugonjwa uleule. Bora injini mpya ya Kichina, aifunge kwenye feni ya mashine yangu ya zamani. Matundu ya bolti hayakulingana, katoboa mengine. Waya wa mafuta mfupi, kaunga. Nimeshinda kwenye benchi lake na njaa yangu. Ilipowaka, jamani! Mvuto mmoja tu. Kanikumbusha mara tatu: petroli ichanganywe na oili, bila oili inakufa. Nimemjibu kwa ukali kidogo. Najua, hata ile ya zamani ilikuwa hivyo hivyo.

Ijumaa, 12 Julai
Mikorosho thelathini kabla jua halijawa kali. Haikuzima hata mara moja. Macho yanawasha, mgongo si wangu. Nimefurahi.

Jumapili, 14 Julai
Jana jioni Saidi, jirani wa bodaboda, kaja anahema. Mkewe ameshikwa na uchungu na pikipiki haina mafuta. Nilikuwa na chupa moja tu, ile niliyokwishachanganya na oili. Nikampa. Sikumweleza kitu, maelezo ya nini saa ile. Wakafika hospitali Newala. Mtoto wa kike, wote wazima, alhamdulillahi. Leo mchana chupa imerudi, imejaa pomoni, na asante nyingi.

Jumatatu, 15 Julai
Nimeiua injini. Nilimimina chupa nzima kwenye tangi huku napiga miayo. Mkorosho wa nane ikalia vibaya, ikanyamaza, kamba haivutiki. Ndipo nikanusa chupa. Petroli tupu. Saidi alirudisha mafuta kama mtu yeyote angerudisha, angejuaje? Wa kuangalia nilikuwa mimi. Nimempigia Chilumba. Hakucheka. Kasema pistoni imenata, silinda imekwisha. Nimekaa chini shambani nikalia kwa sauti.

Jumatano, 17 Julai
Nimeshona mfuko wa kitambaa chepesi, nimetia salfa, nimeufunga kwenye ncha ya ufito mrefu. Natikisa. Matawi ya chini yanapata, ya juu basi tena. Mikorosho sita tu asubuhi nzima. Saidi kauliza mbona hasikii mashine. Nimesema iko kwa fundi. Iko uvunguni.

Jumamosi, 27 Julai
Juu kote maua yamekauka, meusi.
Mjomba kaja. Shikamoo, marahaba. Kazunguka shamba lote. Tuliporudi uani tukawakuta Saidi na mkewe, wamekuja kunionyesha mtoto. Mjomba hakujali kama kuna wageni. Habari za injini mpya alishazipata kwa fundi, akauliza nani kaiua.
"Mimi, mjomba. Nilisahau oili."
"Umesahau?"
"Nimesahau."
Akasema kaka ataanza kulima hapa msimu ujao, mimi nibaki na ile mikorosho kumi ya karibu na nyumba. Nikasema sawa, mjomba. Saidi akatikisa kichwa, akanipa pole, akasema oili husahaulika kweli. Nikaitikia.
Nikampokea mtoto ili mikono ipate la kufanya. Ana nywele nyingi, kalala fofofo. Mama yake akaniambia nikichoka nimrudishe. Nikamwambia bado.