Baada ya Miwa

Jumapili, 7 Septemba 2025

Irine ameketi tena njiani. Mara ya tatu wiki hii! Kutoka mlangoni hadi banda la kuku si mbali, lakini leo ameishiwa nguvu katikati. Akakaa chini na bakuli la mahindi mapajani, kuku wakamzunguka na kula humo humo. Nilimfokea. Nikamwambia kuku ni wake, mimi si kibarua wake. Akacheka, kisha akasema, "Aol, Baba." Amechoka. Siku hizi kila kukicha amechoka.

Nimefunga banda mwenyewe, nikinung'unika hadi ndani.

Jumanne, 9 Septemba

Miguu imemvimba, viatu vimekataa. Nimempeleka kliniki hapa Awendo. Mhudumu alimtazama usoni tu, basi, akajua kila kitu. Mzee, akasema, hawa wa Down syndrome ndio wako hivyo, wanachoka mbio. Akatuandikia vitamini. Kile kifaa cha kusikilizia kifua kilining'inia shingoni mwake muda wote kama tai ya arusi. Hakukigusa!

Nilirudi nyumbani nimeridhika. Naandika ukweli — niliridhika.

Alhamisi, 11 Septemba

Dolphine amepiga simu ya video kutoka Kosele, dukani kwake, vitambaa nyuma yake mpaka darini. Akataka kumwona dada yake. Kisha akasogeza uso karibu na simu. Baba, midomo ya Irine iko na rangi gani? Nikasema ya kawaida. Imekuwa na ubluu tangu utotoni, akipigwa na baridi, akilia. Tumezoea.

"Umezoea ama hujaangalia?"

Amenikatia simu. Ulimi wa mama yake mtupu huo, marehemu Bonareri.

Sabato, 13 Septemba

Irine alikataa kubaki nyumbani. Yeye ndiye hugawa vitabu vya nyimbo mlangoni, na ole wako uchukue mwenyewe. Leo aligawa ameketi kwenye kiti. Kifua kinapanda na kushuka, jasho, na bado anatabasamu. Mama mmoja aliniinamia sikioni: nimshukuru Mungu, wenzake hawafikishi umri huu. Nikasema Amina. Amina ya nini?

Dolphine ameingia alasiri, hata hakungoja jua litue Sabato iishe. Amemshika Irine mikono na kuzitazama kucha. Ncha za vidole ni nene na mviringo, kama vijiti vya ngoma. Nimeishi na mikono hiyo miaka thelathini na mitano. Kesho kutwa tunakwenda Homa Bay, amesema. Hakuniuliza.

Jumatatu, 15 Septemba

Homa Bay, hospitali kubwa. Tulikaa kwenye foleni tangu saa moja. Muuguzi akaita "Baba Irine!" Akaita tena. Mara ya tatu Dolphine akanisukuma kwa kiwiko. Sikujua ni mimi! Mtaani, kanisani, hata kwenye kiwanda cha sukari nilipokuwa karani wa mizani, mimi ni Baba Dolphine. Irine ndiye kifungua mimba wangu, na hakuna aliyewahi kuniita kwa jina lake. Wala sikuwahi kuwasahihisha.

Daktari ni mama wa Kikuria, anaitwa Nyangi, mpole, haraka hana. Aliweka kile kifaa kifuani mwa Irine, akafunga macho, akasikiliza mpaka nikaanza kuhesabu vigae vya sakafu. Akasikiliza na mgongoni. Tundu kwenye moyo, anadhani. La kuzaliwa nalo. Watoto wengi wa Down huzaliwa nalo, karibu nusu yao, na likionekana mapema mara nyingi hufungwa. Lisipofungwa, damu inakwenda kwa nguvu mapafuni miaka na miaka, mpaka mapafu yenyewe yanaharibika.

Nikamwambia sisi tuliambiwa hawaishi. Miaka kumi ikizidi sana.

Akasema wengi walikuwa wanakufa kwa sababu hawatibiwi, Mzee. Siku hizi wanafika hamsini, sitini.

Nilitamani aseme jambo lingine.

Wamemlaza. Oksijeni wameanza bila kuuliza lolote. Lakini kumpeleka kwa madaktari wa moyo kunataka awe kwenye bima ya SHA, na bima inataka kitambulisho. Irine hana. Dolphine alinigeukia mdomo wazi: "Baba! Miaka yote hiyo?"

Nikasema mambo yalikuwa mengi. Uongo. Hakuna anayemchukulia kitambulisho mtu anayemngojea afe.

Jumatano, 17 Septemba

Awendo tena, peke yangu. Dolphine amebaki na mgonjwa.

Nimeanzia kwa chifu msaidizi, Obare. Tulisoma darasa moja, hakomi utani. Irine kitambulisho? Anataka kupiga kura ama kuolewa? Nilimwambia analala na mashine ya hewa. Akaacha kucheka, akavuta karatasi. Fomu ina mahali pa kueleza kwa nini mtu amechelewa kujisajili. Nimeshika kalamu juu ya nafasi hiyo. Obare akasema, "Andika tu ulikuwa bize, omera, ndugu yangu, kila mtu huandika hivyo." Nimeandika hivyo.

Halafu anataka uthibitisho wa kuzaliwa. Cheti hatuna. Hata kadi ya kliniki itafaa, akasema.

Nimepekua sanduku la Bonareri, mara ya kwanza tangu tumzike. Leso, vitenge, picha za kwaya. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo mawili, kadi ya Irine. Uzito wake, chanjo zake, kila mwezi, hajakosa hata mmoja. Na katikati, karatasi iliyokunjwa mara nne. Juni 1990, mwandiko wa muuguzi: moyo una sauti isiyo ya kawaida, mtoto apelekwe Kisumu akapimwe.

Nimekaa kitandani.

Niliwahi kuisoma. Hilo ndilo sitaki kuandika na ninaandika. Bonareri aliniletea mezani, mtoto mgongoni, nikaisoma hadi mwisho. Nikasema tutakwenda baada ya miwa. Miwa ikakatwa. Akanikumbusha. Nikasema baada ya mkupuo wa pili wa kukata. Kisha shangazi yangu akaja akasema watoto hawa hawapiti miaka kumi, kwa nini kumtesa na safari. Nilifurahi! Mungu anisamehe, nilihisi mzigo umenitoka. Bonareri hakusema neno tena. Nilidhani alikubali. Kumbe aliihifadhi, akafunga mafundo mawili.

Obare nimempa nakala ya ukurasa wa mbele tu, wenye jina na tarehe ya kuzaliwa. Hiyo karatasi nyingine nimeitia kwenye mfuko wa koti.

Ijumaa, 19 Septemba

Homa Bay. Nimefika na stakabadhi ya kitambulisho. Alama za vidole alikuja kuchukua ofisa wa Awendo mwenyewe hapa wodini, jana. Dolphine anasema Irine alicheka mpaka barakoa ikamvuka, akataka kupiga chapa na shuka.

Irine ameniona akainua mkono. "Baba, umeleta nini?" Ndizi, nikamwambia. Sauti imepungua. Akala nusu, akapumzika kana kwamba amelima.

Picha ya moyo imefanywa. Tundu lipo, kubwa. Presha ya mapafu iko juu sana. Daktari Nyangi anasema hapa ni mpakani. Wengine bado hufungwa, wengine upasuaji ndio utakaowaua na afadhali waishi kwa dawa. Saa nane atazungumza kwa simu na madaktari wa moyo, wao ndio watakaoamua. Kitu kimoja kingewasaidia sana, akasema: habari za utotoni. Kuna mtu aliwahi kumsikiliza moyo? Lini? Kuna karatasi yoyote?

Kabla sijafungua kinywa Dolphine akajibu. "Daktari, hatukuambiwa kitu. Wangetuambia, Baba angempeleka siku hiyo hiyo. Humjui Baba."

Alikuwa ananitetea! Mtoto wangu, mwenye hasira na kila kliniki ya Awendo, ananitetea mbele ya daktari. Nikatazama dirisha. Daktari akaandika, nikaiona: haijulikani.

Sasa niko kwenye benchi la nje. Saa nane kasoro dakika kumi na tano. Karatasi iko mfukoni, naisikia kila nikivuta pumzi. Nikinyamaza, watapima bila kujua, na Irine ndiye atakayelala juu ya meza hiyo, si mimi. Nikisema, Dolphine atajua. Yote mawili ni ya kweli na bado nimekaa.

Mlango umefunguliwa, naona miguu ya Irine chini ya shuka, bado imevimba.

Dolphine amekuja na uji. Amenipa kikombe kilichojaa, chake nusu. Hujala tangu asubuhi, Baba, kunywa. Nimemwambia aketi kwanza. Ameketi. Anauliza kuna nini.

Ninaandika ili nisimjibu.