Unga wa Maganda ya Viazi

Free Area,
Nakuru.
Jumanne, 10 Juni 2025.

Mpendwa ndugu yangu Thuo,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini huko Uholanzi u mzima na baridi imepungua. Sisi tuko, ingawa si wote wazima. Nimeona niandike kwenye karatasi nikutumie picha, maana kila nikitaka kukupigia naishia kulia.

Ni Mama. Pasaka ulimweleza kwa simu utafiti wako, kwamba maganda ya viazi yana asidi inayoweza kuua bakteria ndani ya mzizi wa jino. Alifurahi sana. Viazi vya kwetu Molo, tena dawa ya mtoto wake mwenyewe. Basi akaanika maganda, akayasaga, akawa anajaza ule unga kwenye gego lake lililotoboka. Mimi nilimsaidia kusaga, Thuo. Hilo linaninyima usingizi.

Maumivu yalitulia, tukadhani amepona. Alhamisi iliyopita nilipofika kwake Molo nilimkuta amevimba kutoka taya hadi shingo, mate yanamtoka kwa kuwa hawezi kumeza. Nilimleta Nakuru kwa gari la jirani. Njia nzima nilimwangalia kifua tu, kama bado kinapanda.

Daktari wa meno, Jasleen, alimpasua chini ya kidevu kutoa usaha, akang'oa na lile gego. Aliniambia uchafu ulikuwa ndani kabisa ya mzizi, unga wetu uliziba mlango tu. "Mngengoja hadi jioni," akasema, "hangekuwa na pa kupitisha hewa."

Sasa Mama anapumua vizuri na ameanza uji. Lakini hatari haijaisha. Jana alinieleza kwamba aliwagawia unga huo wenzake wawili wa kanisani, Sue na Chesang. Sue amekubali kuumwaga. Chesang amekataa. "Dawa ni ya Thuo," ameniambia. "Akiniambia yeye niache, nitaacha." Na shavu lake limeanza kujaa.

Tafadhali mwambie kwa sauti yako kwamba dawa yako bado iko kwenye vichupa vya maabara, haijawahi kuwekwa kinywani mwa mtu, na aende hospitali leo. Nambari yake nimeituma pamoja na picha hii.

Mama anakusalimu, pia mume wangu Jeff na shangazi wa Mau Narok. Mungu akufunike huko ugenini na aibariki kazi ya mikono yako.

Mpigie Chesang kwanza, ndipo unijibu mimi.

Dada yako akupendaye,
Wamaitha.