Rula Juu ya Vidole vya Tatu

Jumanne. Jua kali, na vumbi la Kwihara limeingia mpaka kwenye meno. Nina hasira, na safari hii ni hasira juu yangu mwenyewe.

Leo asubuhi nimempiga Tatu. Ni msichana mkubwa katika darasa langu la wasioona, na kesho mkaguzi Mzungu anakuja kumsikiliza akisoma. Akifaulu, atachukuliwa kusomea ualimu. Akishindwa, anarudi kwao Ipole.

Nilikuwa naeleza hesabu nikamwona anapapasa kitu chini ya dawati. Nikadhani ananichezea. Nikamvuta mikono, nikamchapa kwa ubapa wa rula, kisha kwa ukingo wake, mara nyingi kuliko ninavyotaka kuandika hapa. Akapiga yowe. Ncha ya kidole cha shahada ikapasuka, damu ikadondokea karatasi ya nundu, yale maandishi ya wasioona, iliyokuwa mapajani mwake.

Alikuwa akirudia somo la kesho.

Mwalimu Yohana, ambaye naye haoni na ndiye anayenifundisha kazi hii, alisikia yowe akaja akishika ukuta. Walimu wa hapa wana sharti kwa kila mwalimu mgeni anayeona: wiki nzima ufungwe kitambaa machoni, ujifunze kusoma nundu kwa vidole. Mimi nilichungulia chini ya kitambaa. Nilisoma kwa macho siku zote saba, wakanipongeza, nami nikapokea pongezi; ndiyo maana leo sikutambua vidole vinavyosoma.

Yohana aliwatoa wanafunzi nje. Akaniomba mkono, nikampa. Akaubana mezani, akanichapa vidole kwa rula ile ile mpaka nikapiga magoti. Kisha akanifunga macho kwa leso yake, akaikaza hadi fundo likaniuma kisogoni, akanisukumia karatasi.

"Soma, bwana mdogo."

Vidole vilikuwa vinawaka moto. Na hata vingekuwa vizima, nisingeweza. Nikamwambia ukweli wote, nikilia kama mtoto.

"Nilijua tangu siku ya tatu," akasema. "Nikakunyamazia kwa sababu tulikuwa na shida ya mwalimu. Damu ya yule binti iko juu yetu sote wawili."

Hilo liliniuma kuliko rula.

Kesho nitamwambia mkaguzi mwenyewe, kabla Tatu hajaitwa, kwamba kosa ni langu na yeye asubiriwe apone. Huenda nikafukuzwa. Na nifukuzwe.

Jioni nilikwenda bwenini kumwomba radhi. Alizitambua hatua zangu kabla sijafungua kinywa.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema, akaficha mikono mgongoni.