Alama Tisa za Mama

Nanyala, 4 Agosti 2024

Mdogo wangu Lusubilo,

Habari za Tunduma, na wifi yangu Elina hajambo? Sisi tupo. Mama anakula vizuri, ni magoti tu yanayomsumbua kwa baridi hii.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga. Mama akisikia sauti yako kwenye simu anadhani ni baba, halafu anakaa barazani kumsubiri. Siwezi tena kumwambia kwamba tulimzika Machi. Kila nikimwambia, kwake inakuwa siku ileile. Barua nitampa kondakta wa basi la Kosta, ataiacha dukani kwako.

Jambo lenyewe ni hili. Muuguzi Ferista ameanzisha kundi la wazee wenye ugonjwa wa kusahau, ukumbi wa kanisa, Jumatano na Ijumaa, wiki saba. Dawa hakuna. Wanaimba, wanarushiana mpira kila mmoja akitaja jina lake, wanachambua buni, wanaongea habari za zamani. Watafiti wanataka kujua kama inasaidia kweli, kwa hiyo kila mzee anaulizwa maswali kabla ya kuanza, na tena mwishoni. Alama zote ni thelathini. Mama amepata kumi na mbili. Alipoulizwa huu ni mwaka gani alijibu, "Wa mahindi mengi." Ferista alicheka, ila akaweka sifuri.

Dada yako,
Tulinagwe


Tunduma, 11 Agosti 2024

Dada, shikamoo.

Barua imefika, kondakta kaikunja kama tiketi. Elina ana kifua, ila anakusalimu sana.

Mpira? Mama kawa mtoto? Dada, mwezi wa sita alikutwa katikati ya lami, lori linampigia honi, naye analinyooshea mkono kama anamwita mtu. Hapa malori yanapanga foleni mpakani mchana kutwa, na kila honi inanikumbusha siku ile. Wewe uko peke yako naye tangu baba aondoke.

Tukubaliane hivi. Alama zikipanda, abaki. Zisipopanda, Jumamosi tarehe tano Oktoba naja na gari, ahamie kwangu. Chumba kipo na geti lina kufuli.

Mdogo wako,
Lusubilo


Nanyala, 26 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Natumaini kifua cha Elina kimepona. Sisi miili ni mizima.

Sijui nianzie wapi. Mama amepata tisa.

Nimechanganyikiwa, Lusubilo. Hapa nyumbani alikuwa ameanza kuniita kwa jina asubuhi. Wiki iliyopita alionja mboga akasema, "Tulinagwe, chumvi uliiacha dukani?" Miaka miwili alikuwa hajanitania. Halafu tisa.

Sisi walezi haturuhusiwi kukaa ndani, tusije tukawanong'oneza majibu. Nilichungulia dirishani. Alianza vizuri, anajibu, anacheka. Ferista akasema kitu, mama akaacha kucheka. Akainamisha kichwa, akavuta kanga mpaka usoni, akashuka kwenye kiti akakaa sakafuni. Baada ya hapo hakujibu swali lolote. Ferista anasema ilikuwa sehemu ya kukumbuka: mzee anatajiwa jina la mtu na mahali anapokaa, naye arudie. Mama hakurudia hata neno moja. Labda alichoka. Labda ndiyo ugonjwa unavyokwenda.

Nimeanza kufua nguo zake. Kile kikombe cha bati cha baba, chenye pengo, unataka aje nacho? Bado anamwekea chai kila asubuhi.

Dada yako,
Tulinagwe


Tunduma, 29 Septemba 2024

Dada, shikamoo.

Elina kapona. Barua yako nimeisoma mara tatu dukani, mpaka mteja akaniuliza, "Bosi, kuna msiba?"

Ni hapo kwenye kanga. Unakumbuka babu, baba yake baba, alivyokuwa akija kutoka Mlowo? Mama akisikia kikohozi chake tu anafunika uso, anaacha kiti, anakaa chini. Na jina lake hakulitaja hata siku moja, mkwe hataji jina la baba mkwe. Fundi baiskeli alikuwa Zabron kama babu, basi mama alimwita "fundi" maisha yake yote. Siku moja alinituma kwake, nikamuuliza, "Fundi yupi?" Akasema, "Yule nisiyemsema. Nenda!"

Umechoka tu, dada, ndiyo maana hukuliona. Muulize Ferista alimtajia jina gani.

Mdogo wako,
Lusubilo


Nanyala, 2 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Nashukuru kwa habari za Elina.

Nimemuuliza. "Zabron, anakaa Mlowo, karibu na kisima." Mara ya kwanza lilikuwa jina la Kasiani. Mara ya pili wanalibadilisha, mzee asije akajibu kwa mazoea. Ferista bado hajaolewa, halikumjia kichwani. Alishika mdomo. Lakini utaratibu hauruhusu kumpima upya, tisa inabaki tisa. Ameandika pembeni tu kwa kalamu: "Jina la baba mkwe." Na kundi ataliendeleza Jumatano, hata watafiti wakiondoka.

Kwa hiyo kwenye karatasi mama alisahau, kumbe alikumbuka. Hata hivyo sijui kama kundi ndilo lililomsaidia. Huenda heshima hiyo ingebaki hata bila mpira na nyimbo. Nakuambia tu nilichokiona jana. Alimimina chai vikombe vitatu. Akakitazama kile cha bati, akarudisha chai kwenye birika. "Nimesahau," akasema. "Baba yenu tulimzika." Hakulia. Nililia mimi, naye akakijaza tena akanipa mimi.

Tulikubaliana, na alama hazikupanda. Ukija na gari sitakuzuia. Ila ukifika, ongea kwanza kabla hajakuona, tusikie atakuita nani.

Dada yako,
Tulinagwe


Tunduma, 6 Oktoba 2024

Dada, shikamoo.

Nimefika salama. Elina kashangaa kuona gari limerudi na mkungu wa ndizi tu.

Nilipobisha hodi mama aliitika, "Baba Tulinagwe, umechelewa." Nikakuona unageuka. Lakini nilipokuwa nawasha gari kuondoka, alikuja mpaka dirishani. "Lusubilo, washa taa. Hiyo lami ina malori." Sijui hizo ni alama ngapi, dada. Nimewaza njia nzima.

Nimeagiza geti la hapo kwenu, upande wa barabarani. Fundi anaitwa Aliko, mama anaweza kumwita kwa jina lake. Anakuja Jumatano kulisimika. Mwambie asije saa za kundi.

Mdogo wako,
Lusubilo